Mstari wa Njano Ulitoka Kantini

Fundi Elinaja Mshana ameitumikia timu yetu ya Woolwich Anchors miaka ishirini na minane na miezi kumi, na anastaafu leo, Ijumaa tarehe 26 Juni 2026. Aliingia Agosti 1997 akiwa mfagiaji. Anatoka akiwa mkuu wa chumba cha vifaa, na tangu akishike chumba hicho hakuna mchezaji aliyeingia uwanjani na jezi iliyochanika. Anayebisha aje jikoni tubishane.

Mimi ni Mwanabaraka, mpishi wa kantini. Nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa kumuaga, uwe mtamu na usimguse mtu. Utamu upo. Hilo la pili sikuahidi.

Elinaja ni mtu wa Same, Tanzania. Kabla ya kuja London alikuwa fundi cherehani mjini Moshi, akishona suti za arusi. Hapa kwetu alipewa ufagio. Cherehani yake akaiweka kwenye stoo ya ndoo, na wachezaji wakaijua njia: huyu zipu, yule suruali. Mpira wenyewe, huu wa Kimarekani, hakuujua. Siku ya kwanza ya mazoezi, kila mara watu waliposimama kupanga mbinu yeye alidhani mchezo umekwisha, akaanza kukusanya taulo. Alipozikusanya mara ya nne, kocha alimwomba akae chini.

Sasa nasema jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kitabu kipya cha historia ya klabu, ukurasa wa kumi na moja, kinasema ule mstari wa njano unaopita mabegani mwa jezi zetu ulibuniwa na wataalamu, kuonyesha jua likichomoza juu ya mto Thames. Jua gani? Nimekaa Woolwich miaka thelathini na tano, na jua la Aprili nimeliona labda mara mbili. Shule niliishia darasa la nne, lakini uongo nikiusoma naujua.

Ilikuwa hivi. Timu ilipojiandaa kwa mechi yake ya kwanza ya ligi, Aprili 1998, Elinaja alitumwa awapime wachezaji ili jezi zikashonwe kiwandani. Aliwapima vizuri sana, kifua, bega, mkono, kama anavyompima bwana arusi, mtu amesimama wima na fulana yake. Hakujua kwamba watu hawa chini ya jezi huvaa mapedi makubwa ya mabegani, utadhani wamebeba meza. Wala hakuna aliyemwambia. Jezi zikaletwa Alhamisi, mechi Jumamosi. Hata moja haikupita mabegani. Eddie, lile jitu la mstari wa mbele, alikwama mikono juu na kichwa ndani, wakamvuta watu watatu.

Meneja wa wakati ule alipiga kelele kwamba mechi itaahirishwa na mfagiaji atafukuzwa.  Elinaja alikuja jikoni, akazitazama meza, akaniambia anataka vitambaa vyangu vyote vya meza. Nikamuuliza kama akili zake ni timamu, maana vilikuwa vipya, vya njano, vimechapwa malimau. Akasema akili ni timamu, mkasi ndio butu, nimwazime wangu.

Alizipasua jezi kuanzia kola mpaka ncha ya bega, akaunga kipande cha njano katikati, moja baada ya nyingine, mimi nikipiga pasi. Malimau aliyageuzia ndani. Alisema mwanamume hawezi kugombea mpira huku amebeba malimau begani. Jumamosi zikavaliwa, tukashinda, na watu wakasema jezi za Anchors ni nzuri kuliko zote. Msimu uliofuata kiwanda kikaambiwa kishone vivyo hivyo. Jua halimo.

Ndiyo, alikosea vipimo, sifichi. Wakubwa wangapi wamekosea makubwa zaidi humu ndani, na nani kati yao alikaa chini akashona alichoharibu?

Baada ya siku ile alipewa chumba cha vifaa, na tangu hapo humpima kila mtu mara mbili, bila mapedi na akiwa nayo, anaandika kwenye daftari. Mjukuu wangu alipokwenda kushonewa sare ya shule, Fundi alimuuliza kwanza atavaa nini ndani.

Leo kabati la kioo la historia ya klabu linazinduliwa pale mlangoni. Jina la Elinaja halimo. Nilimwendea Maureen wa ofisi ya habari, binti wa Nakuru mwenye heshima zake. Akasema, "Bibi, maandishi yameshachapishwa, na ushahidi hatuna." Fundi mwenyewe akaniambia, "Dada, yaache. Mimi si naondoka?" Haondoki hivyo. Hawezi kutoa miaka yake yote hapa, halafu jua lipewe sifa ya kazi ya mikono yake.

Ushahidi upo. Jezi ya Eddie ya siku ile, namba 72, ilipochanika kwapani nilipewa niifanye tambara. Sikuifanya. Jana asubuhi nilimpelekea Fundi. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akasema mshono umepinda. Nikamwambia amezeeka, macho ndiyo yamepinda. Akacheka, akafuta uso, akatoa funguo zake. Ufunguo wa kabati uko kwa mkuu wa vifaa, na mpaka leo saa kumi na moja jioni mkuu wa vifaa ni yeye.

Basi mkipita mlangoni tazameni. Ameitundika mwenyewe, ndani nje, malimau yanawatazama. Karatasi iliyo chini yake ni mwandiko wangu: Imeshonwa na Elinaja Mshana, 1998. Anayetaka kuitoa aanzie jikoni kwangu, na ajue leo nimepika pilau na mwiko ninao mkononi.

Asante, Fundi, kwa kila mshono. Sisi wote wa Anchors tunakuombea afya, siku ndefu na raha nyumbani kwako Same. Wakikuuliza huko ulifanya nini Ulaya, usiseme ulikuwa mfagiaji tu. Waambie ule mstari wa njano mabegani mwa jezi zetu ni wako.