Maneno Yasiyokuwemo Kwenye Filamu ya Kitelugu

Gari letu lilipotoka Soni, Jafari, muuza karoti, alimwambia dada aliyeketi naye kwamba anakwenda Mlalo kupatana na kaka yake waliyegombana. “Juzi kwenye kibanda cha video walionyesha filamu ya yule mwongozaji Mtelugu wa India, imetiwa sauti ya Kiswahili. Aliyedhulumiwa shamba anamwambia kaka yake, ‘Tusipozikana sisi, atatuzika nani?’ Nikaona haya.”

“Pole, baba,” dada akasema. “Dar nilifanya kazi kwa Watelugu wenyewe. Mwongozaji huyo ana filamu zaidi ya mia, na hakuna hata moja ambamo mtu anasamehewa. Hapo kaka anakatwa panga. Mtafsiri wenu kawadanganya.”

Jafari akamgeukia kwa ukali. “Kwa hiyo nimepanda gari kwa maneno ya nani?”

Mtafsiri huyo alikuwa mume wangu, tulimzika Juni. Alizoea kusema watazamaji wake wanatoka shambani na mapanga yao, hawezi kuwaaga kwa damu. Nilitaka kumjibu Jafari, nikageukia dirishani. Sauti ya marehemu bado inaongea kibandani. Yangu ilishindwa hata ndani ya gari.

Mlalo tulishuka wote isipokuwa Jafari.

“Mzee,” konda akamwita, “unashuka au unageuka na gari?”