Majani Chini ya Maharagwe

Siku ile ya matoleo mu kanisa letu la Nguba tulikuwa na maman Nsimire, wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Maman Furaha, jirani yangu. Na papa Cirhuza, katekista, aliyeoa mutoto wa kaka yangu. Wengine mulikuwa nyuma, munakumbuka.

Ndugu zangu, vita vilimukuta mutoto wangu Bahati kule Luhwindja, kwenye machimbo ya dhahabu. Wenzake walirudi. Yeye hapana. Sikupewa mwili, sikupewa hata shati. Na shamba letu la Nyantende, askari ndio walivuna.

Lakini kila dimanche, siku ya ibada, nilivaa kikwembe, kile kitenge cha wamama, nikasema "Asante Bwana" pamoja na wengine. Mudomo ulisema, mimi sikuwamo. Nilikuwa mbele ya Mungu kama mbele ya watu wa barrière, askari wanaofunga njia: unacheka, unapita.

Ikafika zamu yetu ya matoleo. Munajua, wamama wanapanga mustari, vikapu kichwani, wanacheza mpaka altare. Mimi sikuwa na kitu cha kutia mu kikapu. Wifi akajaza majani ya ndizi, akamwaga maharagwe kidogo juu.

"Sasa inajaa. Cheza."

"Wifi, miguu haitaki."

"Miguu haikufiwa. Cheka kidogo, kwaya inatuangalia."

Nikacheza. Kufika mbele, nilipaswa kusema "Pokea, Bwana". Maneno yakakataa kutoka. Nikafunua yale majani, nikasema kwa sauti:

"Mungu, hii ni majani. Bahati iko wapi? Hunijibu, na bado unataka nicheze."

Papa Cirhuza akanishika mukono. "Maman, hayo utayasema nyumbani."

"Nyumbani nitamwambia nani?"

Maman Furaha ndiye alitoka mu mustari, akakaa sakafuni pembeni yangu, akalia ya kwake. Mume wake alipotelea Shabunda, na hakuwahi kumulilia kanisani. Tulifundishwa kwamba mukristo anashukuru tu.

Tangu pale ninasali. Siku nyingi ni ugomvi, lakini ni mimi mwenyewe ninasema.

Asante, maman Furaha, sakafu ilikuwa baridi na hukuondoka. Nanyi wengine nawaambia: mutu aliyefiwa, musimuharakishe kuimba. Mumuache amupelekee Mungu kile alicho nacho.

Kama nimechanganya jina ao nafasi ya mutu, munisahihishe, nimezeeka. Ila musinisahihishe juu ya Bahati, kwamba amepumzika. Hamujui. Na mimi sijui.