Keriana Tautahi na Alfajiri za Waikohatu

Ndugu wafiwa na wageni wetu, nani kati yenu aliwahi kumkuta Bibi Keriana amelala wakati jua linachomoza? Hakuna, na msijisumbue kunyoosha mikono, maana hata sisi tuliolelewa chini ya paa lake, leo ndiyo mara yetu ya kwanza, yeye kalala hapa maraeni, ukumbi wa ukoo wetu, na sisi ndio tuliokesha. Mimi ni Tipene, mjukuu wake, na nimepewa kuisoma historia hii kwa hoja ya Shangazi Huhana kwamba mwenye shahada asiye na kazi hana kisingizio.

Marehemu Keriana alizaliwa tarehe 9 Juni 1946 hapahapa Waikohatu, mtoto wa nne wa Mzee Paora na Bi. Roka Kaharau, akasoma shule ya kijijini, ambako alichapwa kwa kusalimia kwa Kimaori, na fimbo hazikumwachisha, kwani hadi mwaka huu alikuwa akilisalimia hata jiwe, "Mōrena, e kui," habari za asubuhi, bibi.

Mwaka 1963 aliajiriwa katika studio ya picha mjini, kwanza kufagia, kisha kusafisha picha, kisha kupiga za harusi na za pasipoti, hadi studio ilipofungwa mwaka 1994, lakini kamera yake mwenyewe aliinunua kwa ajili ya lile jiwe letu tuliitalo Kuia, yaani bibi kizee, lililokaa ukingoni mwa maji kama kikongwe anayeota jua. Alitufundisha kwamba mchana kila mtu analiona jiwe, ila alfajiri, mwanga ukija umeinama kutoka baharini, wimbi likirudi na kuacha maji membamba juu ya mwamba, "hapo linanawa uso, na mwenye adabu husubiri limalize."

Tarehe 6 Aprili 1968 alifunga ndoa na Eruera Tautahi, mkata manyoya ya kondoo, mtu wa utani, aliyezoea kuwaambia wenzake, "Jamani, mke wangu ana bwana mwingine, anatokea mashariki kila siku, na mimi ndiye nawabebea kamera," naye marehemu humjibu, "Huyo angalau hachelewi." Walijaliwa watoto wawili, Matiu na Huhana, wajukuu watano na vitukuu wawili, na Babu Eruera alitutangulia mwaka 2011.

Mwaka 2014 halmashauri yetu ilimwomba picha ya Kuia kwa ajili ya bango la barabarani na vipeperushi vya watalii, akaitoa kwa moyo mweupe, na siku ya uzinduzi akalitazama bango, akamshika Huhana mkono, akauliza, "Hivi ni mimi nimezeeka, au kushoto kumekwenda kulia?" Picha ilikuwa imegeuzwa, kama mtu ajionavyo kwenye kioo, eti maandishi yalihitaji nafasi upande ule. Sisi tulimtania kwamba Kuia kahama mtaa, yeye hakucheka, maana kila aliyekulia hapa anajua kushoto kwa Kuia ni vidaraja vya mwamba tunakoshukia kuchuma kome, na kulia ni Koo, ufa ambao wimbi hupanda bila kubisha hodi, na bango, kwa kuonyesha vidaraja upande usio wao, linamwelekeza mgeni kulia. Alikwenda ofisini, kijana mwenye tai akamwambia, "Nyanya, bahari si ni bahari tu?" akarudi, akaambiwa mhusika yuko likizo, akarudi tena, akapewa chai. Tukasimamisha kibao chetu cha kuonya, halmashauri ikaking'oa, hakina kibali.

Januari 2017 mgeni mmoja, kipeperushi mkononi, alimshusha binti yake upande wa Koo ili ampige picha kama ile, wimbi likawabeba wote wawili, na kama si marehemu kupiga ukelele na jirani yetu Hemi kuja mbio na kamba, wangeliwa na bahari. Tangu siku hiyo Bibi hakupiga tena picha ya alfajiri. Alikwenda vilevile, na koti lake la manjano, akasimama penye Koo, akisema, "Si huku, mwanangu, ni kule, picha imekosewa, mnisamehe," anaomba radhi, yeye, kwa kosa la watu ambao saa hiyo bado wamejifunika blanketi, na mwanga alioupenda maisha yake yote ukawa unapita mbele ya macho yake, kamera imebaki nyumbani.

Mwezi Mei mwaka huu mapafu yalimzidi, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, kabla hakujapambazuka, neno lake la mwisho likiwa, "Nani kaenda kusimama?" Huhana akamjibu, "Matiu, mama," naye akasema, "Haya," akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viazi vitamu na kome, Hemi, na wenzake marehemu wa studio waliosafiri usiku kucha. Lala, Bibi, lala kwa amani hata jua likichomoza, zamu yako imekwisha, haere rā, kwaheri.

Nanyi waheshimiwa wa halmashauri mlioketi safu ya pili, maua yenu tumeyapokea, ni mazuri, ila hatukuyaomba, na hilo benchi la kumbukumbu mnalonong'onezana hatulitaki. Bango lile lishusheni leo hii, mkitoka makaburini, kabla hamjanywa chai.