Ndoano Moja, Ndoano Mbili

Hebu niambie, umewahi kumchelewea mtu mpaka ukamkuta amepoa? Kama hujawahi, usijifanye hakimu. Kijiwe chetu kilijifanya, na tazama kilikoishia. Kijiwe chenyewe ni benchi la kituo cha basi, huku milimani Japani nilikoolewa, kati ya jiko la mafuta ya taa na mashine inayouza kahawa ya moto ya makopo. Basi liliacha kuja miaka sita iliyopita, sisi hatukuacha. Siku hiyo, ya tatu tangu mwili wa Yasaku uchomwe, tulikuwa wanne: Redio, kinyozi mstaafu asiyezimika; Mama Figili, muuza mboga; Stempu, tarishi wa zamani, kalamu ya wino bado mfukoni mwa shati; na mimi na shahada yangu, ambayo haijawahi kuwasha hilo jiko.

Kesi ilikuwa hivi. Yasaku alikuwa na figo zilizokufa. Aliishi kwa mashine ya kusafisha damu, hospitali ya mji wa chini. Theluji ikakata simu. Mkewe, Bibi Sueko, aliyeanza kujifunza herufi akiwa na miaka sabini na tisa, akabandika karatasi mlangoni kwa Stempu, mwenye gari pekee lenye minyororo ya theluji: njoo na gari, *shichi*. Yaani saba, ambayo kwa saa yetu ya Kiswahili ni saa moja asubuhi. Stempu akafika saa saba mchana, ambayo hapa huitwa *ichi*, moja, akamkuta Yasaku amepoa. Ndiyo, saa zao na zetu zimepishana. Usicheke, kuna maiti. Karatasi, alisema Stempu, iliandikwa *ichi*. Na kweli tofauti ni herufi moja tu: *shi* ni ndoano moja, *i* ni vijindoano viwili vilivyosimama bega kwa bega.

— Kamuua mumewe kwa penseli, alisema Redio. Mzee wa watu kapona vita, kaja kuuawa na herufi.

— Ulimi wako huo! Mama Figili akamkata. Ni baridi. Mkono ulitetemeka, ndoano ikazaa mtoto.

— Herufi izae? Wewe umezidi kukaa na figili.

— Basi ni yule mwalimu wa darasa la wazee. Kaja na herufi za mjini. Huku mlimani zinajikunja.

— Mnakosea wote. Redio akasogea, kopo likitoa mvuke. Ni Yasaku mwenyewe. Alishachoka na sindano. Roho yake ilitangulia usiku, ikaongeza ndoano ili gari lichelewe.

— Roho yenye penseli?

— Aliyekufa haulizwi vifaa.

Nikamtazama Stempu. Alikuwa akiibonyeza kalamu yake, tik, tik, kahawa haijafunguliwa.

— Na wewe unasemaje, Stempu?

— Nilifika kama ilivyoandikwa, alisema. Haraka haraka haina baraka.

Methali hiyo, mahali hapo, ilinitoa hamu ya kahawa.

Ndipo akaja Bibi Sueko, amejikunja kama *shi* yenyewe, daftari la darasani kifuani. Tukamsogezea nafasi kwa adabu ya watu waliotoka kusengenya. Hakusalimu. Akafungua kifuniko cha jiko.

— Bibi, unafanya nini? niliuliza.

— Nachoma. Nimesikia mnayosema, na mnasema kweli. Miaka sabini na tisa sikujua kusoma na sikuua mtu. Mwezi wa pili wa masomo, nimeua mume.

Hakuna aliyemshika mkono. Redio alichunguza viatu vyake.

— Ila kwanza nipe karatasi yangu, shemeji, alimwambia Stempu. Nione nilipokosea. Nisije nikafa sijui.

Stempu alikuwa ametuonyesha karatasi hiyo siku tatu, kwa mbali, kama hati ya shamba. Akaitoa polepole.

Bibi Sueko akaishika karibu na pua. Akatoa penseli yake fupi, yenye kifutio cha waridi kichwani. Darasani kwao hupewi kalamu ya wino mpaka umalize herufi zote arobaini na sita, naye alikuwa amefika ya kumi na tisa.

— Mwalimu anasema ukikosea, futa, uandike upya.

Akafuta ile herufi ya kwanza. Taratibu, ulimi umetoka kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akapuliza vumbi, akatugeuzia karatasi.

Ndoano ya kushoto ilikuwa imetoweka. Ya kulia ilikuwa palepale, nyeusi, inang'aa.

— Yangu imefutika, alisema. Hii ni ya nani?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika. Mama Figili alikwenda kwenye mashine ya kahawa, akabonyeza kitufe bila kutia sarafu, akabonyeza tena. Mwali ulikuwa ukivuma ndani ya jiko lililo wazi, na bibi bado ameshika daftari juu ya moto, anasubiri jibu kama mwanafunzi anayesubiri sahihisho.

Tik, ilisema kalamu.

— Nilisoma *shichi*, shemeji, alisema Stempu. Nilisoma vizuri kabisa. Nikachungulia theluji, nikarudi kulala. Hiyo ya pili niliiandika mimi, nilipomkuta amepoa.