Kupumua kwa Niaba ya Edvina

Benchi letu lipo Kashai, ubavuni mwa duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Karagwe. Asubuhi hiyo mvua ya Bukoba, ambayo haina haraka ya kuanza wala ya kwisha, ilikuwa imetua juu ya mabati kama mgeni aliyekuja kukaa wiki mbili. Mustapha alikuwa na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa. Pembeni yake alikaa Rutashobya, mstaafu wa masjala ya halmashauri, ambaye sote tunamwita Waraka, akitafuna akamwani, ile kahawa kavu ya kwetu ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Byabato fundi simu, yaani Rada, alikuwa amechomeka bisibisi nyuma ya sikio. Na Wilbert wa bodaboda, tunayemwita Taratibu kwa sababu amewahi kupitwa na baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi, alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Ilikuwa imebaki dakika moja kufika saa nne.

Kengele ndogo ikalia ndani ya simu. Sote tukafumba macho.

— Mama, ikasema sauti ya mwanamke, weka mkono wako juu ya tumbo.

Tukaweka. Waraka, kwa kitambi alichokilea miaka thelathini ya utumishi, ndiye aliyekuwa na mahali pazuri zaidi pa kuuweka.

Mke wa Wilbert, Edvina, alikuwa kijijini Buganguzi, huko Muleba, kwa mama mkwe wake, na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza iliharibika mwezi huohuo wa saba, mwaka juzi, na tangu hii ya pili ianze usingizi ulikuwa unamkimbia. Kliniki walimwambia mwili uko sawa, kinachohitaji kutulizwa ni hofu, na kwa bahati kulikuwa na mradi wa kutuliza hofu: programu ya simu iitwayo Pumua Mama, dakika kumi kila siku. Fomu ya mradi iliuliza kama kaya ina simu janja. Kaya ilikuwa nayo, ikapigwa alama ya vema. Fomu haikuuliza simu hiyo inashinda wapi. Ilikuwa moja tu, ya Wilbert, na kwa kuwa wateja humpigia, ilirudi naye mjini. Edvina akabaki na kitochi, kile kisimu cha kupiga na kupokea tu.

Siku ya kwanza Wilbert alitueleza haya kwa aibu. Alisema atasikiliza yeye, halafu akienda nyumbani atamfundisha mkewe. Waraka ndiye aliyemtoa aibu. Alituambia kwamba katika miaka yake yote hakuona barua ya maana isiyopitia kwa mtu mwingine, na kama barua hupitia kwa mkuu wa idara, pumzi nayo inaweza kupitia kwa mkuu wa kaya. Tukaona ni sawa. Kwa kuwa Wilbert aliona haya kufumba macho peke yake mbele ya watu, tukafumba naye.

— Sasa jione uko kando ya maji, ikasema sauti.

Hapo kila mtu huenda kwake. Mustapha, aliyekulia Bumbire, huenda kisiwani, kwenye ufuko ambako dagaa wameanikwa, na maji ni meupe hata hujui ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Waraka alikiri siku moja kwamba yeye huona masjala, mafaili yote yamepangwa, hakuna lililopotea, na mto mdogo unapita katikati ya makabati. Mimi huona kibanja cha mama yangu baada ya mvua, matone yakidondoka kutoka jani moja la mgomba hadi jingine, na mtu ananiita lakini si kwa haraka. Bodaboda zinazopita mbele yetu huwa kama nyuki. Wateja wa Mustapha wameshazoea, hujimiminia wenyewe.

Kengele ikalia tena. Simu ikauliza, kama iulizavyo kila siku, umelalaje, na chini yake zikatokea sura tatu: ya kucheka, ya kawaida na ya huzuni. Huku kwetu kuulizana umelalaje ndiyo salamu ya asubuhi, na jibu hutoka kabla swali halijaisha. Wilbert akabonyeza ya kucheka. Alikuwa amelala vizuri. Sote siku hizi tulikuwa tunalala vizuri.

— Siku arobaini na moja mfululizo, akasema.

Rada akatueleza tena jinsi inavyofanya kazi. Damu ya baba imo ndani ya mtoto, na simu imo mfukoni mwa baba, basi mtoto yuko kwenye mtandao.

— Hata akiwa Buganguzi? akauliza Mustapha.

— Buganguzi kuna mnara.

Mustapha akawaza, akasema basi mtoto huyo atakuwa ametusikia sote, na siku ya kwanza kuletwa hapa atatafuta kila mtu kwa sauti yake. Atakunywa kahawa kabla ya uji. Waraka akaona hatari nyingine: mtoto aliyetulizwa na wanaume watano huenda akazaliwa mtulivu mno asilie, na wakunga hawana utaratibu wa mtoto asiyelia. Alipendekeza iandikwe barua mapema.

— Ipitie kwa nani? nikamuuliza.

Alikuwa bado anafikiri alipofika mwanamke mwenye mwavuli na faili la plastiki, akatusalimu na kuuliza kama hapa ndipo kwa Edvina. Alikuwa Magdalena, mhudumu wa afya ya jamii kutoka Muleba, aliyekuja Bukoba kwa mkutano. Asubuhi alipiga namba iliyoandikishwa mradini kwa jina la Edvina, mwanamume aliyedhani ni mteja akapokea na kumwelekeza kwenye benchi hili, naye akadhani mama amehamia mjini. Mustapha akampa akamwani kiganjani, naye akapokea kwa mikono miwili, akaketi, akatoa kwenye faili cheti chenye mhuri. Edvina alikuwa mshiriki bora wa wilaya nzima. Hakukosa hata siku moja, na siku zote alikuwa mwenye furaha. Ilitakiwa picha yake akiwa ameshika cheti.

— Mama yuko ndani? akauliza.

Tukalitazama duka lililofungwa.

— Yuko Buganguzi, waitu, akasema Wilbert kwa heshima ya Kihaya.

— Na simu?

Wilbert akaitazama mikono yake. Simu ilikuwa humo.

Magdalena akaacha kutafuna. Akafungua daftari, akatuonyesha orodha ya wajawazito aliopangiwa kuwatembelea nyumbani. Jina la Edvina lilikuwemo, limepigwa mstari kwa rula.

— Nilikuwa nampitia kila Alhamisi, akasema. Ripoti ikaja kwamba anacheka kila siku. Nikaambiwa nimwache, niende kwa wenye huzuni.

Waraka, ambaye maisha yake yote alizipokea ripoti na kuzipiga mihuri, akavua kofia. Magdalena hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujaza nafasi iliyobaki wazi:

— Jana alilalaje?

Tulikuwa watano, na kati yetu tulijua alivyolala Mustapha, na alivyoota Rada.

— Nilitaka kumwachia simu, Wilbert akasema mwishowe. Kila Jumapili nilitaka. Lakini simu inahesabu siku. Nikaogopa. Nikajiambia nikikosa siku moja, ndiyo itakuwa ile siku.

Akapiga. Kwa sababu ya mvua aliiweka simu sauti ya nje, na Mustapha akaondoa birika motoni lisichemke. Edvina akapokea, akaulizwa amelalaje.

— Nimelala vizuri, akasema upesi.

— Sikusalimii, Edvina. Nakuuliza.

Mvua ya Buganguzi ikasikika ndani ya simu, ikachanganyika na ya kwetu, ikawa mvua moja.

— Sijalala tangu Jumapili, akasema. Nahesabu mtoto anavyocheza. Nikilala mimi, nani atahesabu?

Wilbert alisimama simu ikiwa bado mkononi, akamwambia anakuja, wahesabu wote wawili. Magdalena alikuwa ameshavaa helmeti ya abiria; mkutano wake, alisema, ungemalizika vilevile bila yeye. Sijawahi kumwona Taratibu akiondoka vile. Akalipita gari moja kabla hawajafika kwenye kona.

Cheti kilibaki juu ya benchi. Waraka alikikausha kwa leso yake, akakikunja mara moja tu ili kisichakae.

Jioni Wilbert alimpigia Mustapha, akisema Magdalena atarudi tena Alhamisi, na kila Alhamisi. Simu ilikuwa imewekwa kwenye mkeka, ubavuni mwa Edvina, na itabaki hapo; wateja watajua la kufanya. Mama mkwe alikaa mlangoni mwa chumba akihesabu kwa vidole, ili mkwewe afumbe macho. Kipindi kikarudiwa, na mwishoni simu ilipouliza umelalaje, Edvina aliziangalia zile sura tatu kwa muda mrefu, kisha akabonyeza ya huzuni. Waraka alisema hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kweli katika faili lote.

Kesho yake tulikuwa wanne. Mvua ilikuwepo. Saa nne ilipofika hakuna kengele iliyolia, lakini bodaboda zilikuwa zimeshakuwa nyuki na mikono ilikwenda tumboni yenyewe. Tukafumba macho. Tukaiona Bumbire, na masjala, na kibanja, na nyuma ya migomba nyumba yenye mkeka, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuingia. Tukavuta pumzi ndefu, tukaishika kama tulivyofundishwa, tukangoja kuambiwa tuiachie.

— Nani anajua ni lini? akauliza Mustapha, kwa sauti ndogo ya mtu aliyebana kifua.

Hakuna aliyejua. Tukaendelea kuishika.