Deanna Tugnoli na Mlango wa Mnara Mrefu

Bi. Deanna Tugnoli alijiunga na ofisi yetu ya waongoza watalii ya Bologna mwezi Machi mwaka 1989. Anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Nimeombwa niandike mistari hii kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye karibu kuliko wote: yeye mlangoni mwa mnara wa Asinelli, mimi kwenye dirisha la tiketi. Mhariri wa jarida letu alinitaka nichangamke. Nimejaribu. Atakayeona imenishinda na anisamehe.

Wageni waliompata Deanna walirudi hotelini miguu ikiwauma na mbavu zikiwauma. Hakuwa mtu wa kuanza na tarehe. Aliwasimamisha chini ya minara yetu miwili, Asinelli mrefu na Garisenda mfupi uliopinda, akawaambia kwamba zamani kila ukoo wenye fedha katika mji huu ulijenga mnara wake ili jirani akose usingizi.

"Siku hizi tunanunua gari," alikuwa akisema. "Wao walinunua matofali. Wivu ni uleule, ila wa kwao umetuachia kitu cha kutazama."

Mwavuli aliuona ni matusi. Mji wenye baraza za paa na nguzo kila mtaa, mwavuli wa nini? Mgeni akifungua wake, Deanna aliufunga mwenyewe na kumrudishia bila neno. Mara moja alifanya hivyo kwa meya wa mji mmoja wa ng'ambo, na mkurugenzi wetu wa wakati huo nusura azimie. Meya alicheka, akarudi mwaka uliofuata na mkewe.

Aliowatania zaidi ni wale wazee wetu tunaowaita umarell. Mwanamume wa Bologna akishastaafu huwa na kazi moja tu: kusimama kwenye uzio wa ujenzi, mikono nyuma, akiwakosoa mafundi. Deanna aliwaonyesha watalii kama sehemu ya urithi wa mji. "Hawa ndio wahandisi wetu wasiolipwa," alisema, na wazee wenyewe wakaitikia kwa kuinua kofia. Aliapa mbele yetu kwamba yeye akistaafu atalala hadi saa nne asubuhi, na ujenzi ujijenge.

Sasa nifike kwenye mlango.

Kila mwanafunzi wa chuo kikuu cha mji wetu anajua kwamba ukipanda Asinelli kabla ya kuhitimu, hutahitimu kamwe. Tunacheka, lakini hatupandi. Nimewaona vijana wa fizikia, watu wasioamini hata mbingu, wakiwasindikiza wazazi wao hadi kizingitini na kubaki nje wakitazama viatu. Deanna aliufanya mwiko huu kuwa mchezo wake. Alisimama mlangoni mikono kiunoni kama askari wa forodha. Kijana akikaribia, anaulizwa: "Wewe, umemaliza?" Akisita, basi. "Rudi kasome, mwanangu. Mnara hauendi popote."

Mnara hauendi popote. Sentensi hiyo sote tuliichukua, tukawa tunaitumia ofisini kwa kila jambo lililochelewa.

Alikuwa na binti mmoja, Ilaria. Walimlea wawili, Deanna na dirisha langu la tiketi. Shule ikifungwa mtoto alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha pembeni na mkate wake wa mortadela, soseji ya hapa kwetu. Alipokuwa na miaka kumi darasa lake lote lilikuja kupanda mnara. Wenzake wakaingia mmoja mmoja wakipiga kelele. Ilaria akashikwa bega na mama yake.

"Wewe hapana. Wewe utapanda na taji la majani kichwani, siku ya shahada yako. Mimi ndiye nitakayekufungulia."

"Lakini mama, mimi bado mdogo. Mwiko ni wa wanafunzi wa chuo!"

"Mtoto wa mlinda mlango haanzi mapema na haanzi vibaya. Kaa na shangazi."

Akakaa nami. Hakulia. Akaanza kunihadithia kinachoonekana kule juu: mapaa mekundu, baraza linalopanda kilima hadi kanisa la San Luka, na siku ya anga safi, mbali kabisa, theluji ya Alpi. Alikuwa amevisikia kwa mama yake mara nyingi hivi kwamba alivisimulia vizuri kuliko waliopanda. Hakuwa ameona hata kimoja.

Ilaria aliingia kusomea udaktari. Alikuwa hodari, na mzaha wa nyumbani ukawa ahadi. Kila mtihani alioshinda alipita dirishani kwangu akauliza, "Shangazi, mnara bado upo?" Nami nikamjibu kwamba hauendi popote.

Mwaka wa tano akaugua saratani ya damu. Niliwapelekea mchuzi wa kuku hospitalini, Jumapili moja, nikawakuta wanabishana. Ilaria alikuwa amepata nafuu kidogo na uso wake ulikuwa na rangi.

"Mama, wakiniruhusu wiki hii twende tu mnarani. Shahada itakuja yenyewe."

"Usijiletee mkosi," Deanna akamwambia. "Umebakiza kidogo. Subiri siku yake."

"Mama, ni hadithi tu."

"Hadithi gani? Kula mchuzi huo, unapoa."

Ilaria akanitazama akakonyeza jicho, akala. Hakutoka tena hospitalini. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mwaka uliofuata, darasa lake lilipohitimu, chuo kilimtunuku shahada ya kumbukumbu. Deanna aliitwa mbele akapewa taji la majani lenye utepe mwekundu wa madaktari. Nje wenzake Ilaria hawakujua waimbe au wanyamaze, maana desturi yetu ni kumwimbia mhitimu nyimbo za aibu barabarani. Deanna ndiye aliyewaambia, "Imbeni. Angewachukia mkinyamaza." Wakaimba ile chafu kuliko zote. Sijawahi kulia hivyo kwa wimbo wa matusi.

Kazini alirudi baada ya wiki tatu. Aliongoza wageni vilevile, kwa vichekesho vilevile, na asiyemjua asingegundua. Lakini asubuhi moja nilikatiza chini ya lile tao karibu na uwanja mkuu, ambalo ukinong'ona kwenye kona moja unasikika kona ya pili. Nilimkuta peke yake, uso ukutani, anaongea. Kona ya pili haikuwa na mtu. Ningeweza kwenda kusimama pale nikasikia alichosema. Sikwenda. Niliondoka polepole nikachelewa kufungua dirisha.

Kilichobadilika ni mlangoni. Nakumbuka msichana mmoja kutoka kusini, Carmela, aliyekuja na baba yake mfanyakazi wa reli. Mzee alikuwa amekata tiketi mbili kwa kutojua, na binti anakataa.

"Sijamaliza, mama," alimweleza Deanna. "Nitasubiri hapa chini."

Nilitega sikio nisikie lile la "rudi kasome". Deanna alimtazama mzee.

"Baba yako ana magoti leo," akasema. "Mwakani atakuwa nayo?"

"Nisipohitimu je?"

"Ukifeli, njoo unitukane mimi. Nipo hapa kila siku. Panda."

Wakapanda. Wakateremka wamevimba macho, mzee akinishukuru mimi ambaye sikufanya lolote. Carmela alihitimu, na akaja na taji lake kutuonyesha. Tangu siku hiyo Deanna hakumzuia mtu tena. Aliwasukuma. Wengine waliona anaharibu desturi ya mji, na mwenzetu mmoja aliandika malalamiko. Nadhani sasa anaelewa.

Ila yeye mwenyewe, kulipeleka taji la Ilaria juu, alishindwa. Alipanda na wageni kama kawaida, lakini taji lilibaki nyumbani juu ya kabati. Kila nilipomwuliza alisema ile ni safari nyingine, na haitaki haraka. Mwishowe akajipangia: siku yake ya mwisho kazini, akishavua beji, atapanda na taji. Hatapanda kama mwongozaji, atapanda kama mama aliyekuja mahafali.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hilo alilijua kuliko sisi sote. Alikuwa akiwahubiria watoto wa watu kila siku. Lakini mganga hajigangi.

Oktoba 2023, wahandisi wakatangaza kwamba Garisenda, ule mfupi, hali yake si nzuri. Barabara ikazungushiwa uzio, na Asinelli ukafungwa pamoja nao kwa usalama wa watu. Walipoweka kufuli Deanna alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliomba tu kiti, naye hakuwa mtu wa kuomba kiti.

Tumeandika maombi mara mbili apewe ruhusa ya pekee. Tumejibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani, na hatuna wa kumlaumu: mnara hauna habari na huzuni ya mtu.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alikataa saa, akakataa maua, akaomba tortelini, tambi zilizojazwa nyama, za mchuzi wa moto, Juni hii ya joto la kuyeyusha lami. Basi Ijumaa tutakula na jasho litatutoka. Aliye na kitambaa aje nacho.

Wiki mbili zilizopita, akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, nilimwona asubuhi kwenye uzio wa minara, katikati ya wazee watatu. Nikamwendea kumtania.

"Si uliapa utalala hadi saa nne? Umeshakuwa umarell?"

"Hawa wananiambia mwanamke hana nafasi hapa," alisema bila kugeuka. "Nimewaambia nitawapisha mnara ukifunguliwa."

Mzee mmoja, Learco, fundi seremala wa zamani, alitikisa kichwa. "Mwambieni ukweli jamani. Dada, hii ni kazi ya miaka."

"Ninayo," alisema Deanna. "Si nastaafu?"

Wazee wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikarudi nyuma hatua moja nikawaona wote kwa mgongo, mikono nyuma kama desturi inavyotaka. Mikono ya wazee ilikuwa mitupu. Yake ilishika mfuko wa kitambaa, na mdomoni mwa mfuko ulichungulia utepe mwekundu uliofifia. Learco aliniambia baadaye kwamba huja nao kila siku.

Deanna, ofisi nzima inakushukuru kwa miaka yako, kwa kicheko chako, na kwa kila mtoto wa watu uliyemsukuma apande. Tunakuombea siku nyingi, asubuhi zisizo na haraka, na magoti mazima, maana ngazi zile unazijua. Mimi nimebakiza miaka michache, na nimewaambia wakubwa kwamba dirisha langu silihami. Siku mlango ule utakapofunguliwa, pita tu, wewe na Ilaria. Sitawauliza tiketi.