Mzee Absalom, Dereva Aliyekula Sufuria Mbili

Baada ya miaka tisa ya kushika usukani kati ya Riyadh na Jeddah, Mzee Absalom Wekhomba anastaafu rasmi Alhamisi hii, tarehe 28 Novemba 2019. Jamani, hata kuandika hivyo mkono unakataa!

Alifika bohari yetu ya Al-Sulay, hapa Riyadh, mwaka 2010, wimbi la ajira lilipoanza kutumwaga huku. Ujanani alisomea upadri, akaacha alipokutana na Eddah, mama watoto. Ila falsafa ya Wayunani wa kale haikumtoka. Alimpenda hasa Myunani mmoja aliyefundisha kwamba kilichopo ni kimoja tu, hakigawanyiki wala hakisogei. Fikiria dereva wa lori anayehubiri kwamba hakuna kinachosogea! Kafili, yaani mwajiri wetu, akipiga simu kuuliza mzigo umefika wapi, tulimwomba Mungu amzuie Mzee asianze kufafanua.

Mwaka 2015 mabweni yetu mawili yaligombania chakula. Watu wa bweni la dereva mwenzetu Fred walitaka ugali, wa bweni la Norman wakataka wali, kila upande ukanunua sufuria yake. Mzee akagoma kuchagua. Alisema kimoja hakigawanyiki, kwa hiyo chajio ni kimoja hata kikipikwa mahali pawili. Basi akawa anakula ugali kwa Fred, anavuka ua, anakula wali kwa Norman, kila siku ya Mungu. Mkanda wake ukasalimu amri.

Kicheko kiliisha siku ya vipimo vya leseni. Presha ilikuwa juu mno. Daktari akampa mwezi mmoja: ishuke, au aache lori. Na bintiye Damaris ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi! Tuliogopa, kusema kweli. Jioni ile Fred alibeba sufuria yake mpaka kwa Norman, wakapika mchicha usio na mafuta, tukala sinia moja, sote tumenuna. Mwezi ukaisha, presha ikashuka, Mzee akarudi barabarani. Halas, yakaisha! Yeye husema Wayunani ndio waliomponya. Sisi tunasema ni mchicha.

Wiki hii ugomvi umeanza upya: nani atamsindikiza uwanja wa ndege? Watu wa Fred wanasema ni wao, wa Norman wanasema thubutu! Hakuna aliyekubali kubaki, kwa hiyo bohari nzima inapanda basi moja. Litarudi na kiti kitupu, na hicho hakuna atakayekigombania.

Asante sana, Mzee wetu. Uzee wako uwe mwepesi, na nyumba ya Eddah isikose kicheko.